Lugha ya Ghadhabu

Muulize kijana wa miaka 15 aliyezaliwa Seeb au Al Khuwair, au binti wa umri huo aliyekulia London, akutajie maneno ya Kiswahili anayoyajua bila ya kuyafikiri. Ataanza na vyakula: mandazi, mchuzi wa nazi, urojo, mkate wa kumimina. Kisha atacheka kidogo, kwa haya, na yatafuata mengine: nyamaza, toka hapa, mjinga wee, huna adabu, leo utanitambua. Mara nyengine litatoka hata "mshenzi", neno ambalo babu zetu walilitumia kwa kiburi juu ya watu wasiolistahili, na ambalo lau lingeachwa bandarini siku ile ya safari tusingepungukiwa na kitu. Kijana huyo hawezi kukuambia kwa Kiswahili kwamba amechoka, wala kwamba anampenda mama yake. Lakini matamshi ya karipio anayo sawasawa, na kiimbo chake hakina dosari.

Ndugu zangu, tumekuwa tukilia kwa muda mrefu kwamba Kiswahili kinatutoka majumbani. Tunazilaumu skuli, tunazilaumu simu za mkononi, tunawalaumu wakwe wasiokuwa na asili ya Pwani. Yote hayo yana sehemu yake. Ila ipo sababu iliyo karibu zaidi ambayo sijaisikia ikitajwa katika mikutano yetu ya ukoo: watoto wetu wengi wamekutana na lugha ya mabibi zao pale wazazi walipokuwa wameghadhibika, na aghalabu pale tu. Kuhusu hasira za wazazi mbele ya watoto, mengi yamekwisha kuandikwa na watu wa kila taifa. Katika familia za kwetu, hata hivyo, hasira ina lugha yake, na mtoto anayeikimbia hasira huikimbia pamoja na lugha hiyo.

Namna tulivyofika hapa haijafichika. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilitawanyika, nyengine zikiwa na mabegi mawili na watoto mikononi. Sultani Qaboos aliposhika ufalme tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, walikuja kutoka Unguja na Pemba, kutoka Mombasa, na baadhi yao kutoka Burundi, Rwanda na Kongo. Wengi walikuwa na elimu na Kiingereza kizuri, ilhali Kiarabu chao kilikuwa cha msahafu kuliko cha sokoni. Ofisini walihitajika, barazani walisahihishwa. Mtu aliyekuwa msemaji kwao alijikuta akilipima kila neno kabla ya kulitamka, asije akachekwa. Mzazi wa namna hiyo hataki mwanawe aionje tahayuri ile, basi humsemesha Kiarabu tangu utotoni, hata kama Kiarabu chenyewe kinachechemea. Waliokwenda Uingereza walifanya vivyo hivyo kwa Kiingereza. Kiswahili kikabakia kuwa lugha ya wakubwa: ya simu za Unguja, ya habari za misiba, ya kuteta, na ya kugombana.

Na hasira haina subira ya kutafuta msamiati. Mtu akihamaki hurudi kwenye lugha aliyolelewa nayo, ile isiyomtaka kufikiri. Baba aliyeyameza maneno yake tangu saa moja asubuhi mbele ya mkubwa wa kazi huingia nyumbani saa tisa, akakuta viatu vimetapakaa mlangoni, na yote aliyoyameza yakamtoka kwa lugha ambayo hakuna wa kumsahihisha ndani yake. Mtoto hamwoni mkubwa wa kazi. Anaviona viatu, anamwona baba, na anasikia Kiswahili.

Wapo pia wanaoichagua lugha hii kwa makusudi, tena kwa nia njema. Mume na mke wakitaka kuzozana hubadilisha lugha ili watoto wasielewe, na Kiswahili hugeuzwa pazia. Pazia hilo ni jepesi mno. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya watoto wachanga wa baina ya miezi 6 na 12, waliopimwa ubongo kwa mashine ya MRI wakiwa usingizini. Walisikilizishwa sauti ya mwanamume akitamka maneno yasiyo na maana yoyote, mara kwa upole, mara kwa ghadhabu. Watoto waliotoka katika nyumba ambazo wazazi walisema wanagombana zaidi, bongo zao ziliiitikia sauti ya ghadhabu kuliko wenzao, katika sehemu zinazohusika na hisia na mfadhaiko. Uchunguzi ulikuwa mdogo, watoto 20 tu, na sitaki kujenga ghorofa juu yake. Lakini liangalieni hilo moja: maneno hayakuwa na maana, na wasikilizaji walikuwa wamelala. Basi mtoto wa miaka 6 aliye macho, anayeiona mikono na nyuso, atafichwa nini na lugha asiyoisema?

Jamaa yangu mmoja anayeishi Uingereza alimpeleka binti yake Unguja kwa mara ya kwanza, mtoto akiwa na umri wa miaka 9. Siku ya pili walishuka Darajani kununua matunda. Wachuuzi walikuwa wakiita wateja, wanawake wakivutana bei, vijana wakitaniana kutoka upande huu wa barabara hadi ule. Kelele za furaha za soko lolote la Pwani. Mtoto akaushika mkono wa mama yake kwa nguvu, akauliza kwa Kiingereza kwa nini watu wote hawa wamekasirika. Mama alicheka, usiku akaihadithia kwa simu, nasi tukacheka. Swali lile halijanitoka mpaka leo. Mtoto hakukosea hata kidogo. Aliitumia kamusi aliyopewa nyumbani, na katika kamusi hiyo sauti ya Kiswahili iliyopanda ilikuwa na maana moja tu. Huyu ndiye tunayemtarajia siku moja ayasome makaburi ya wazee wake na ayapende.

Ni desturi yetu, tukifika hapa, kuwataja wazee na kusema kwamba wao hawakuwa hivi. Nitawataja, ila kwa tahadhari. Wazee wetu walikuwa na hasira kama sisi, na baadhi yao walitupita. Walikuwapo mababu waliokuwa wakinuna wiki nzima, nyumba yote ikatembea kwa ncha za vidole. Bakora ya chuoni hainihitaji mimi kuieleza. Tofauti kubwa ilikuwa katika nyumba zenyewe. Nyumba ya Mji Mkongwe au ya Ng'ambo, au ya shamba huko Pemba, haikuwa ya baba, mama na watoto peke yao. Alikuwamo bibi, alikuwamo shangazi aliyeachika, mjomba asiyeoa, mtumishi, na jamaa aliyekuja kwa matibabu ya siku tatu akakaa miaka miwili. Mama akipandisha sauti, mtoto alikuwa na pa kukimbilia, nako ni ndani ya kanga ya bibi. Na mkono wa mama, hata uwe umeinuka vipi, haukuweza kupita pale, kwa sababu bibi yule alikuwa ama mama yake ama mama mkwe wake. Bibi hakuwa na haja ya kutoa hoja. Alisema "mwache", na yakaisha.

Na mume na mke walipokosana, hakukosekana mtu wa tatu. Nilisimuliwa na shangazi zangu juu ya jirani mmoja wa Malindi ambaye kila aliposikia sauti zimepanda nyumba ya pili alipiga hodi, kikombe mkononi, kuomba chumvi. Chumvi alikuwa nayo. Mtaa mzima ulijua kwamba anayo, na waliokuwa wakigombana walijua pia. Lakini mgeni akishapiga hodi hana budi kukaribishwa, akaulizwa hali, na hali za watoto, na za aliyekuwa mgonjwa, na mpaka salamu zimalizike, nazo kwetu hazina ufupi, hasira ilikuwa imekwisha kupoa. Mambo mazito zaidi yalipelekwa kwa wazee wa pande mbili, chumbani, watoto wakiwa wametumwa mahali. Mke aliyetaka kusema lisilosemeka alijifunga kanga yenye jina linalomtosha mwenye kuelewa, na mtoto mdogo akaona maua na rangi tu.

Fleti ya Ruwi haina hayo. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, jirani hajulikani hata jina, bibi yuko Unguja au yuko kaburini. Hasira iliyokuwa ikigawanywa baina ya watu wanane sasa inawaangukia watatu. Na tumelichukua neno zuri la wazee wetu, sitara, tukalifanya kufuli. Wazee walimsitiri mtu asiaibike mbele ya walimwengu. Hawakukusudia mtoto afungiwe ndani na mtu aliyehamaki ili majirani wasijue. Sheria za nchi tunazoishi zimeanza kuliona hili. Kwa England na Wales, sheria ya mwaka 2021 juu ya ukatili wa majumbani inamhesabu mtoto anayeuona au kuusikia ukatili huo kwa watu wake kuwa ni mwathirika yeye mwenyewe, hata kama hakuguswa. Oman nayo ina Sheria ya Mtoto tangu 2014. Lakini sheria hushughulika na yaliyovuka mpaka. Ghadhabu za kila siku, za viatu na daftari na chumvi iliyozidi, hazifiki mahakamani wala hazistahili kufika. Hizo ni zetu.

Najua litakalosemwa, kwani nimelisikia katika kila harusi na kila hitima: sisi tulipigwa, tulikaripiwa, na tukawa watu, watoto wa leo wamedekezwa. Hoja hii inachanganya vitu viwili ambavyo Kiswahili chenyewe kimevitenga. Kuna ukali na kuna hasira. Mwalimu mkali wa chuoni, mwanafunzi alimjua: alijua kosa gani lina adhabu gani, na alipohifadhi sura yake vizuri hakuguswa. Ukali una mlango, na mtu huuona kabla hajaingia. Hasira hutoka kwa jambo jengine kabisa, deni, jua la Julai, simu ya ndugu anayetaka pesa, kisha humwangukia aliye karibu. Kosa lilelile Jumatatu huchekewa na Alkhamisi likazua tufani. Mtoto hajifunzi adabu hapo; anajifunza kuzisoma nyayo za baba ngazini. Wapo watu wazima katika ukoo wangu, wenye vyeo na wajukuu, ambao hata leo wakisikia mlio wa funguo mlangoni wanaweza kukuambia mwenye nyumba amerudi na hali gani. Ujuzi huo waliupata mapema na kwa bei kubwa.

Na hao waliopigwa wakawa watu ndio wanaohadithia. Waliopigwa wasiwe watu hawaji barazani, na hatuwaalikwi.

Sisemi kwamba mzazi asikasirike kabisa. Hilo haliwezekani, na hata Mtume alipotakwa nasaha na mtu mmoja, akamuusia asighadhibike, wasia ule ulirudiwa zaidi ya mara moja, kana kwamba mwenye kuusia anajua mwanadamu atahitaji kukumbushwa. Karipio litatoka. Mzigo uko katika kile kinachofuata, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wa rika langu. Kwetu, mzazi akimwonea mtoto humlipa kwa vitendo: humpikia akipendacho, humnunulia kitu, humwita kwa jina la kubembeleza. Neno lenyewe halitoki. Wazazi wakigombana mbele ya watoto hupatana chumbani, na asubuhi chai huwekwa mezani kana kwamba hakukuwa na jana. Watoto wameviona vita, suluhu hawakuiona. Mark Cummings wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, ambaye kwa miongo kadhaa amechunguza namna ugomvi wa wazazi unavyowaathiri watoto, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba watoto wanaouona ugomvi ukimalizwa kwa mapatano hupungukiwa sana na dhiki, na kwamba hata kuelezwa baadaye kuwa wakubwa wamepatana kunawasaidia.

Sisi tulikuwa na njia yetu kabla ya vyuo vikuu. Tuna neno radhi. Ila tumelifanya liende upande mmoja, kama maji ya mfereji: mtoto ndiye anayetafuta radhi, mzazi ndiye anayetoa au kuzuia. Lakini mkumbukeni msafiri wa hija alivyokuwa akiaga. Alipita nyumba kwa nyumba, kwa mkubwa na mdogo, akisema "niwieni radhi". Nimepata kumwona mzee wa heshima kubwa akilisema neno hilo kwa watoto wa mtaa waliokuwa wakicheza mlangoni kwake, akiinama ili wamsikie, nao wasijue wajibu nini. Siku hizi Ramadhani ikikaribia tunaandikiana "tuwiane radhi" kwa simu, kwa mamia ya watu ambao hatukuwakosea kwa kuwa hata hatukuonana nao mwaka mzima. Mtoto aliye chumba cha pili, tuliyemfokea jana, hatumwandikii.

Wataniambia haiba ya mzazi itavunjika. Mtoto amekwisha kuiona ikivunjika, nayo ilivunjika pale baba alipotupa sahani. Lililobaki ni ama aione ikiungwa, ama aachiwe vipande. Na neno la kuunga lisemwe kwa lugha ileile iliyotumika kuvunja. Hili nalishikilia kuliko yote niliyoyaandika hapa. Mama aliyefoka kwa Kiswahili kisha akaomba msamaha kwa Kiingereza anamfundisha mwanawe, bila ya kukusudia, kwamba huruma ina lugha yake na kwamba lugha hiyo ni ya wengine. "Niwie radhi, mwanangu, nilihamaki." Maneno manne, na mtoto asiyejua sarufi atayaelewa kwa uso wa anayeyasema.

Kikombe cha chumvi nacho kinaweza kurudi kwa sura nyengine. Ipo familia Maskati iliyowapa watoto wake ruhusa ya kumwandikia shangazi yao wa Mombasa wakati wowote sauti zinapopanda nyumbani. Neno moja linatosha. Shangazi humpigia simu wifi yake palepale, kumuulizia mapishi ya biriani. Biriani anaijua tangu hajaolewa, na wazazi wanajua kwamba anaijua, na simu ile huchukua nusu saa. Wapo waliolisikia hili wakaguna, wakasema watoto wamefanywa wapelelezi. Mimi naona wamerudishiwa bibi.

Yaliyobaki ni Kiswahili cha amani, nacho kinahitaji kupewa saa yake, kwani hakiji chenyewe kama kinavyokuja kile cha hasira. Nusu saa kabla ya kulala inatosha kwa kuanzia, kwa "paukwa" na "pakawa" na hadithi yoyote ya sungura anayoikumbuka mtu, hata kama katikati inabidi kuchanganya Kiarabu. Mtoto hatapata maneno mengi kwa usiku mmoja. Atapata sauti ya lugha ikiwa imekaa kitako, bila ya haraka na bila ya kumtafuta mkosaji.

Kwa ajili ya kitabu cha ukoo wetu nimeanza kuyaandika maneno ya upole yaliyokuwa yakitumika nyumbani kwa bibi. Mjukuu wa kiume aliitwa "mume wangu" na kuulizwa ataleta posa lini. Kitoto cha miaka 3 kikianguka kiliambiwa "pole, baba", na cha kike "pole, mama", kama kwamba ndicho kilichomzaa anayekipangusa. Aliyeamka aliulizwa "umeamkaje, roho yangu", na aliyemaliza chakula chake aliitwa shujaa. Aliyekataa kula alikuwa "ini langu" mpaka tonge la mwisho. Aliye na mengine kutoka kwa bibi yake wa Pemba, wa Lamu au wa Bagamoyo, aniletee, na anieleze yalikuwa yakisemwa wakati gani, na kwa nani.